Mzazi, ile risasi ya ndoano isipite mdomoni mwa mtoto

Tangu mvua zilipojaza malambo, kuna video inayozunguka kwenye simu za vijana wengi hapa Igunga. Wamarekani wawili wako kwenye boti ndogo, injini inaunguruma polepole, na nyuma yao wanaburuta samaki wa plastiki mwenye ndoano tumboni. Baada ya dakika chache fimbo inapinda, kisha anapandishwa samaki mwenye macho yanayong'aa kama ya paka.

Samaki huyo anaitwa walleye. Kwetu hayupo. Anaishi kwenye maziwa na mito ya Amerika Kaskazini, na jimbo la Minnesota lilimtangaza kuwa samaki wake rasmi mwaka 1965. Hapendi mwanga mkali, hivyo mchana hukaa chini. Mvuvi anayemtaka lazima apeleke chambo chini alipo, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu boti ikitembea huvuta mshipi juu. Wenzetu wametatua tatizo hilo kwa kutumia mshipi mzito. Ndani yake kuna waya mwembamba wa risasi, na juu yake umefumwa uzi wa nailoni unaobadilika rangi kila yadi 10, yaani takriban mita 9. Mvuvi huhesabu rangi zilizotoka. Boti ikienda mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kila rangi humzamisha yule samaki wa plastiki kama mita moja na nusu hivi.

Ni ufundi mzuri, sina ubishi nao. Ninachotaka kuzungumza na wazazi leo ni hiyo risasi. Vijana wetu hawawezi kununua mshipi wa namna ile, lakini wameshika jambo moja kutoka kwenye video: uzito ndio siri. Kwa hiyo wanatafuta risasi, na Igunga risasi haitafutwi mbali.

Njia ya misafara ya zamani ilipita kusini yetu, Tura hadi Tabora, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu na walinzi wakiwa na bunduki. Misafara ya siku hizi ni malori, nayo inapita katikati ya mji wetu, barabara ya Singida kwenda Nzega, mchana na usiku. Panapopita malori pana mafundi wa matairi na mafundi wa betri. Vile vipande vidogo vya kubalansi tairi, vinavyobanwa kwenye rimu, vingi ni vya risasi. Betri ya gari, ya pikipiki na zile kubwa za sola zilizokufa zimejaa risasi. Mtoto mwenye jicho la kuokota anarudi nyumbani na mfuko umejaa.

Mwezi uliopita nilikaa ukingoni mwa lambo moja nje ya mji nikiwaangalia wavulana sita wakivua kambare. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 9 au 10. Alikuwa na kipande cha risasi kilichopasuliwa katikati kama punje ya haragwe. Alipitisha mshipi kwenye ule mpasuko, akakiweka mdomoni, akakibana kwa meno. Kisha akatema mate na kurusha ndoano majini.

Nikamuuliza kwa nini anaing'ata.

"Dada, hii ni laini. Inabana yenyewe."

Ni kweli, ni laini, na hiyo ndiyo sifa inayoifanya ipendwe na wavuvi dunia nzima. Wakati wa mapumziko walishirikiana muhogo wa kuchemsha kwa mikono ileile iliyokuwa ikikata na kufinyanga risasi. Mkubwa wao aliniambia kwamba risasi nyingine wanaziyeyusha wenyewe nyumbani. Nilipomuuliza wanatumia chombo gani, akajibu bila wasiwasi wowote: sufuria ya mama.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni madini yenyewe, kwa sababu zamani hiyo ya bunduki ilitengenezwa kwa madini hayo. Watu wa pwani wana neno chubwi kwa uzito wa mshipi. Huku bara wengi wetu tunasema risasi tu, hata kama kilichofungwa ni jiwe au kipande cha nondo. Kwa hiyo mtoto akikuambia ana risasi ya kuvulia, usitosheke na neno. Omba akuonyeshe.

Madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili hauna kazi yoyote nayo. Ikiingia husambaa kwenye ubongo, ini na figo, kisha huhifadhiwa kwenye meno na mifupa, ambako hukaa kwa miaka. Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko sisi kwa sababu mbili. Kwanza, utumbo wake hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya utumbo wa mtu mzima aliyemeza kiasi hichohicho. Pili, ubongo wake bado unajengwa, na risasi huharibu ujenzi huo. Anaweza kuchelewa kujifunza, kushindwa kutulia, kusahau haraka, au kuwa na hasira zisizoeleweka. Madhara hayo ya ubongo hayana dawa ya kuyarudisha nyuma.

Na mtoto mwenye njaa au upungufu wa madini chuma huinyonya zaidi. Hilo ninalirudia kwa sababu wavulana wengi huondoka kwenda lamboni bila kula chochote.

Najua baadhi yenu mtasema, mbona sisi tumekua tukizishika na tuko salama? Fundi mmoja wa matairi aliniambia hivyohivyo: "Mdogo wangu, mimi nazishika kila siku, miaka 20 sasa." Sikubishana naye, maana kuishika kwa kiganja kikavu kweli si hatari kubwa, risasi ngumu haipenyi ngozi kirahisi. Njia yake ya kuingia ni mdomo na pua: kuing'ata, kuila pamoja na chakula kutoka kwenye vidole, kuvuta moshi na vumbi lake. Na tena, sumu hii haimwangushi mtu siku moja. Inakaa kimya. Hakuna mzazi anayeweza kutazama ripoti ya shule na kusema, hizi alama zilizopotea zimechukuliwa na risasi.

Lakini pale inapoingia kwa wingi, huua. Habari ya Thiaroye-sur-Mer ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Ni kitongoji cha wavuvi pembeni ya Dakar, Senegal. Kwa miaka mingi mhunzi wa pale alikuwa akitoa risasi kwenye betri kuukuu na kuzigeuza kuwa vipande vya kuzamishia nyavu. Mabaki yalirundikana, udongo ukajaa risasi, maisha yakaendelea. Kisha bei ya risasi ikapanda duniani, wanunuzi wakafika, na akina mama wakaanza kuchimba ule mchanga na kuuchekecha ili wapate vipande vya kuuza. Walifanya kazi hiyo na watoto mgongoni, wengine walibeba mchanga hadi ndani ya nyumba. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wataalamu walipopima ndugu na mama za watoto hao walikuta damu zao zina risasi nyingi mno.

Yule mhunzi hakuwa na kiwanda. Alikuwa fundi wa kijijini anayewahudumia wavuvi, kama ambavyo mwanao anavyowahudumia wenzake kwa sufuria.

Karibu zaidi nasi, Mombasa, kuna mtaa wa Owino Uhuru uliopakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Mtoto akaugua, akatibiwa homa za kawaida bila nafuu, hadi vipimo vilipoonyesha kwamba ni sumu ya risasi. Omido aliacha kazi, akaongoza wakazi kupambana na kiwanda hadi kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi hiyo iliendelea na rufaa zake kwa miaka. Ninamtaja kwa sababu ya lile neno: homa za kawaida.

Dalili za sumu ya risasi hazina alama yake pekee. Tumbo linauma mara kwa mara. Choo kinakuwa kigumu. Hamu ya kula inapotea, mtoto anachoka, viganja na ndani ya kope vinakuwa vyeupe kwa upungufu wa damu. Ikizidi sana anapata degedege au kupoteza fahamu. Sasa niambie, ni mzazi gani wa Igunga ambaye akiona hayo hatasema minyoo, au malaria, au kichocho cha lamboni? (Kichocho nacho kipo, nimeshakiandika, na bado watoto wanaogelea.) Sikuambii uache kupima malaria. Pima kwanza. Lakini mtoto akishapewa dawa za minyoo na za malaria na tumbo likaendelea, mweleze mganga kwamba mtoto huyo huvua kwa risasi, au baba yake anafanya kazi ya betri. Mganga hawezi kulifikiria jambo ambalo hajaambiwa. Kipimo chenyewe ni cha damu na hakifanyiki kila zahanati, kwa hiyo uliza kuhusu rufaa mapema.

Akimeza

Hili liko peke yake kwa sababu halingojei.

Mtoto akimeza kipande cha risasi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheza na kucheka. Asidi ya tumbo inaiyeyusha kidogokidogo, na kadiri kipande kinavyokaa tumboni ndivyo sumu inavyoingia kwenye damu. Mwaka 2006, kulekule Minnesota kwenye walleye, mtoto wa miaka 4 alikufa baada ya kumeza kidani kidogo cha urembo kilichotengenezwa kwa risasi. Kilikuwa kidogo kuliko vingi vinavyofungwa kwenye mishipi ya hapa kwetu.

Usimtapishe. Usimpe mkaa uliosagwa, haushiki madini ya risasi. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayaondoi risasi mwilini, kwa hiyo usikae nyumbani ukimnywesha maziwa na kusubiri ipite yenyewe. Hospitalini watapiga eksirei waone kipande kiko wapi, na kama kuna haja watakitoa. Zipo pia dawa za kuvuta risasi kutoka kwenye damu, ila hizo hutolewa hospitali tu na kwa uangalizi.

Ukifika mapokezi, usiseme "amemeza risasi" ukanyamaza. Sema ni risasi ya kuvulia samaki, madini, na beba kipande kinachofanana nacho. Utaokoa dakika nyingi za kuulizwa bunduki ilitoka wapi.

Kwenye jiko

Tukirudi kwa ile sufuria. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, na moto wa mkaa unaifikia bila shida. Ikiyeyuka hutoa moshi usioonekana vizuri, na juu yake hujitokeza ganda la majivu ambalo watoto huliondoa kwa kijiti na kulitupa pembeni. Ganda hilo likikauka ni vumbi la sumu. Kuku wanalichakura, mdogo wake anayetambaa analipitia kwa viganja na kuvipeleka mdomoni. Betri inapovunjwa kuna na asidi inayounguza macho na ngozi.

Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni. Kuisugua kwa mchanga na sabuni hakutoshi. Najua sufuria ni hela, lakini hiyo imekwisha kazi yake ya ugali. Betri iliyokufa iuzwe nzima kwa wanunuzi wa chakavu, isivunjwe uani. Mahali palipoyeyushiwa pasifagiliwe pakavu; pamwagiwe maji kwanza, udongo wa juu uondolewe, watoto wakae mbali. Na baba anayefanya kazi ya betri avue nguo za kazi na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kwa mama mjamzito nisisitize zaidi. Risasi iliyolala kwenye mifupa yake tangu utotoni inaweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto tumboni. Asikae karibu na moto wa kuyeyushia, wala asiwe yeye wa kusafisha baada yao.

Sasa wavue kwa nini? Kumkataza mvulana wa Igunga asivue mvua zinapokuwa nzuri ni kujichosha, na kambare mmoja ni mboga ya jioni. Jibu zuri ni kwamba hawaihitaji risasi. Mmarekani yule anaihitaji kwa sababu boti yake inatembea na maji yake ni marefu. Mtoto wako amesimama ukingoni, maji ya lambo ni ya kina kifupi, na kambare mwenyewe hutafuta chakula chini. Chochote kizito kitafika.

Nati kuukuu ya gari ndiyo bora, ina tundu tayari. Pitisha mshipi, funga fundo, umemaliza. Plagi ya pikipiki iliyokufa inafanya kazi hiyohiyo, na ikinasa kwenye mizizi haiumizi kuipoteza. Jiwe refu lililofungwa kiunoni kwa uzi ndilo lililotumiwa na babu zetu. Chuma ni chepesi kuliko risasi: madini ya risasi yana uzito mara 11.3 ya maji, chuma mara 7.9. Maana yake ni kwamba kipande cha chuma chenye uzito uleule kitakuwa kikubwa kwa karibu nusu. Mtoto atalalamika kwamba ni kinene. Samaki hatalalamika.

Jinsi ya kutambua kipande ulichokikuta kwenye mfuko wa kaptula? Tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu. Chuma kinanasa, risasi hainasi. Hii inasaidia sana kwa vipande vya kubalansi tairi, kwa sababu siku hizi vingine vinatengenezwa kwa chuma. Ambacho hakinasi, kikwaruze kwa ncha ya msumari: risasi inachanika kirahisi na kuacha mstari unaong'aa, na ukiikokota kwenye karatasi inachora rangi ya kijivu kama penseli. Ukimaliza nawa kwa sabuni. Vipande hivyo vitie kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Usivizike karibu na kisima.

Uingereza walishapiga marufuku risasi nyingi za ndoano mwaka 1987, na kilichowasukuma hakikuwa watoto bali ndege, wale bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu, waliokuwa wakizimeza ziwani na kufa. Wavuvi wao walilalamika msimu mmoja au miwili, kisha wakazoea vyuma vingine. Mbuga yetu ya Wembere nayo ina ndege wa maji wengi, sijui nani anawasemea.

Swali ambalo nimeshaulizwa na mama wawili tangu nianze kuuliza-uliza habari hizi: je, samaki aliyevuliwa kwa ndoano yenye risasi ana sumu? Hapana, kule kugusana na mshipi kwa dakika chache hakumwekei samaki sumu nyamani. Mtumbue vizuri kama kawaida, utumbo utupe, mikono ya aliyevua inawe kwa sabuni kabla hajakaa kwenye mkeka. Dagaa, maziwa, maharage na mboga za majani navyo viendelee kuwepo, kwa sababu mtoto aliyeshiba na mwenye damu ya kutosha hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Na kabla hawajatoka kesho asubuhi, wape uji, kisha waambie watoe mifuko nje.